Majina Mawili, Mtu Mmoja? Maneno kwa waandishi wa orodha wa Tenke



Nimeombwa niseme juu ya kuunganisha orodha mbili na kutafuta majina yaliyoandikwa mara mbili. Wengine watauliza: hiyo ni kazi ya mafundi, amani inaingia wapi? Tuseme mnaunganisha orodha ya mtaa na orodha ya wenye mashamba wanaongoja fidia. Kompyuta ikidhani watu wawili ni mtu yule yule, mmoja anatoka. Siku ya malipo jirani anaitwa, yeye haitwi. Hatasema programu imekosea. Atasema: wamenitoa kwa sababu ya kabila langu.

Nasi tunajua neno hilo linafika wapi. Tenke ni njia panda ya reli. Njia ya kutoka Kasai ilifunguliwa 1928, ile ya Dilolo 1931, na watu wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi, wakakaa pamoja na Wasanga wenyeji. Kisha mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala vituoni wakingoja treni. Siku zile jina peke yake liliweza kumponza mtu. Kwa hiyo majina ya hapa hayaguswi ovyo.

Sasa tuangalie kompyuta yenyewe. Programu nyingi zina kanuni iitwayo Soundex, iliyosajiliwa Marekani mwaka 1918. Inashika herufi ya kwanza, inaacha irabu, na konsonanti zinazofuata inazigeuza kuwa namba. Iliwafaa watu wa Kiingereza. Hapa kwetu Tshibangu na Chibangu, ambao mara nyingi ni mtu mmoja aliyeandikwa na makarani wawili, hawatakutana kamwe, maana mmoja anaanza na T na mwingine na C. Lakini Mbuyi, Mbaya na Mbayo wote wanapata alama moja: M100. Watu watatu wanafanywa mmoja!

Mtaniambia kuna kanuni nyingine, ya kuhesabu herufi zinazotofautiana. Ihesabuni. Kati ya Mbaya na Mbayo ni herufi moja tu. Kati ya Tshibangu na Chibangu ni mbili. Ukifungua mlango upana wa kumpitisha Tshibangu, Mbaya na Mbayo wamekwisha kupita na kuunganishwa. Dawa ni kuiambia programu kwanza kwamba Tsh na Ch ni sauti moja, ndipo ihesabu. Orodha hiyo ya sauti haiandikwi na fundi wa mbali; mnaiandika ninyi na wazee.

Jina lisitoshe peke yake. Mbuyi ni jina la pacha kwa Waluba wa Kasai, na kila familia yenye mapacha inaweza kuwa na Mbuyi wake. Ongezeni jina la mama na mahali pa kuzaliwa. Msiamini sana namba ya simu, nyumba nzima hutumia moja. Na tarehe ya 1 Januari muihesabu kama nafasi tupu, kwa kuwa ndiyo karani anayoiandika kwa mzee asiyejua siku yake. Tena majina yapangwe kabla ya kulinganishwa: Ilunga Joseph na Joseph Ilunga ni yule yule. Mobutu alipokataza majina ya Kikristo mwaka 1972, wengi walibaki na jina moja kwenye karatasi za serikali na jingine kanisani.

Jambo ninalolikazia ni mpaka wa alama. Mwaka 1969 Fellegi na Sunter, wataalamu wa takwimu wa Kanada, walionyesha kwamba jozi zigawanywe mafungu matatu: hakika ni mmoja, hakika ni wawili, na zenye mashaka za kutazamwa na mtu. Fundi mwenye haraka huweka mpaka mmoja tu, na fungu la tatu linapotea. Hilo ndilo fungu linaloleta ugomvi. Liacheni liwe kubwa, hata kama kazi itachukua wiki moja zaidi.

Nchi yetu imeliona kwa ukubwa. Mwaka 2018 Tume ya Uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba kati ya watu zaidi ya milioni 46 walioandikishwa, wamebaki zaidi ya milioni 40. Zaidi ya milioni 5 walitolewa kwa kujirudia. Ukaguzi wa shirika la nchi zinazozungumza Kifaransa ukakuta asilimia 16.6 ya walioandikishwa hawana alama za vidole. Alama hizo ndizo zinazotambulisha waliojirudia, na mabishano hayakukoma.

Basi kesho, kabla ya kuunganisha chochote, endesheni jaribio. Msifute jina, liwekeeni alama tu, na namba za orodha zote mbili zibaki. Kisha hesabuni majina yenye alama, mtaa kwa mtaa. Mtaa mmoja ukiwa na mengi kupita mingine, simamisheni, mrudi kwenye orodha ya sauti. Majina yenye mashaka yabandikwe mlangoni kwa mzee wa mtaa siku saba, na atakayekuja kusema "huyu siye mimi" asikilizwe na watu watatu, mmoja wao awe mama.