Kombora Lifuatalo Mwanga

Usiku wa manane wa Januari 17, 1991, helikopta 8 za Apache za jeshi la Marekani ziliruka chini chini juu ya jangwa la Iraki, taa zimezimwa. Mbele yao kulikuwa na vituo viwili vya rada. Baada ya dakika chache vituo hivyo vilikuwa moto mtupu, na njia ya anga ikawa wazi kwa ndege zilizokuwa zikielekea Baghdad. Kazi kubwa ilifanywa na kombora la Hellfire, ambalo wala halikubuniwa kwa ajili ya rada.

Lilibuniwa kwa ajili ya vifaru. Katika miaka ya 1970 makamanda wa Marekani walikuwa wakiota ndoto mbaya ya vifaru vya Kisovyeti vikimiminika katika tambarare za Ulaya. Walitaka helikopta ivipige kutoka umbali wa kilometa kadhaa, kisha itokomee. Kampuni ya Rockwell ilikabidhiwa kazi hiyo mwaka 1976, na katika muongo uliofuata kombora likaingia jeshini. Urefu wake ni kama meta 1.6, uzito wake ni kilo 45 na ushei, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji. Likishafyatuliwa huipita sauti kwa kasi.

Jina lake lina kichekesho. Limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yanayotaja silaha inayorushwa na helikopta kisha ikasahauliwa. Kumbe lile linaloongozwa kwa mwanga wa leza halisahauliki! Lazima mtu aendelee kuimulika shabaha mpaka kombora litue. Mwanga wenyewe hauonekani kwa macho. Hutoka kwa mapigo ya harakaharaka yenye mpangilio wake, na jicho lililo kwenye pua ya kombora hufuata mpangilio huo tu. Ni kama mtu aliyejifungia ndani usiku: watabisha kumi, yeye atafungua kwa hodi anayoijua.

Hoja ya mhadhara huu imo humo. Anayemulika si lazima awe ndiye anayerusha. Askari aliyejibanza nyuma ya jiwe anaweza kumulika, helikopta iliyojificha nyuma ya kilima ikarusha. Jicho likishatengana na mkono, mkono unaweza kuwa wowote. Wasweden walilichukua kombora hilohilo wakaliweka kwenye jukwaa dogo ufukoni, kulinda pwani yao dhidi ya meli. Februari 2001 likarushwa kutoka Predator, ndege isiyo na rubani ambayo hapo awali ilikuwa ya kupelelezea tu. Kwa vita vya moshi, ukungu na vumbi, vitu vinavyotawanya leza, likaundwa toleo la rada. Kichwa cha kombora nacho kikabadilishwa kulingana na kazi: cha kutoboa chuma, cha kubomoa majengo, na hata, kama magazeti ya Marekani yalivyofichua mwaka 2019, kisicho na baruti bali visu vinavyochomoza.

Julai 31, 2022, Hellfire mbili zilimuua Ayman al-Zawahiri akiwa kwenye roshani ya nyumba mjini Kabul. Nairobi na Dar es Salaam wanalikumbuka jina hilo: alikuwa miongoni mwa viongozi wa al-Qaeda waliohusishwa na mabomu ya Agosti 7, 1998, yaliyoua zaidi ya watu 200.

Lakini miezi kumi na moja kabla ya hapo, Agosti 29, 2021, katika mji huohuo, Hellfire iliipiga Toyota Corolla nyeupe iliyokuwa ikiingia uani. Waliomulika waliamini gari limebeba vilipuzi. Kombora lilitua palepale lilipoelekezwa. Watu 10 waliuawa, 7 kati yao watoto. Waandishi wa habari walipofuatilia safari za gari siku hiyo, wakakuta dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada aliyekuwa akipakia madumu ya maji. Septemba 17 jeshi la Marekani likakiri kwamba lilikosea.