Gari Limeletwa, Maarifa Yake Hayakuletwa

Tangazo la ukaguzi wa magari mmekwisha kulisikia, wala hatuna haja ya kulikariri. Matairi yatatazamwa, taa zitatazamwa, breki zitatazamwa, mtungi wa kuzimia moto utaulizwa na pembetatu itaulizwa, kisha stika itabandikwa kiooni na mwenye gari atarejea nyumbani na moyo mkunjufu. Hayo yote ni mema, nasi hatuyapingi. Linalotutia wasiwasi ni lile ambalo halimo katika tangazo: je, nani atakayemwuliza dereva kama analijua gari lake? Twayateremsha bandarini magari yaliyokwisha kutumika kutoka Japani, aghalabu kila moja na ufunguo mmoja tu, na kama limebahatika kuja na kitabu chake, basi kitabu hicho kimeandikwa Kijapani. Gari limeletwa, maarifa yake hayakuletwa.

Tazameni jambo dogo ambalo halikosekani mjini. Mtu ameegesha gari, gurudumu la mbele limeegemea ukingo wa barabara. Arudipo kutoka sokoni atia ufunguo, ufunguo haugeuki. Ashika usukani, usukani umejifunga. Hapo huingia ghadhabu. Ataukaza ufunguo kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, kisha ataushika kwa koleo mpaka ukatikie ndani. Na asipoukata yeye, atatokea fundi wa njiani mwenye bisibisi na nyundo, ambaye hataondoka mpaka swichi ivunjwe, nyaya ziunganishwe chini ya dashibodi, na mwenye gari amlipe na kumshukuru juu yake. Ilhali gari lile halikuwa na maradhi yoyote! Lilikuwa likitimiza wajibu wake, na mwenyewe hakuujua, kwa sababu gari limeletwa na maarifa yake hayakuletwa.

Kufuli la usukani liliwekwa kwa ajili ya wezi. Ujerumani ya Magharibi ililifanya kuwa sharti mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Marekani ikaweka kanuni yake ya kuzuia wizi wa magari, iliyoanza kushika tarehe 1 Januari 1970. Uchomoapo ufunguo, ulimi wa chuma huchomoza ukaingia katika pengo la mhimili wa usukani, na mhimili usiweze kuzunguka. Basi gurudumu likiwa limebanwa na ukingo, au usukani ukiachwa umekatwa sana, mhimili huulalia ulimi ule kwa uzito wote, na ulimi uliolaliwa hauwezi kurudi ndani hata ufunguo ukivutwa na watu kumi.

Dawa yake haina gharama. Mkono wa kushoto uushike usukani na kuusukuma taratibu, kulia na kushoto. Upande mmoja utakataa kabisa, upande wa pili utakubali kidogo. Usukumwe huko unakokubali, na papo hapo mkono wa kulia uugeuze ufunguo kwa nguvu ya vidole tu. Ulimi ukipata nafasi hurudi wenyewe. Ikiwa taabu ni kwamba ufunguo hautaki kutoka, na gari ni la otomatiki, itazamwe kwanza gia kama imefika barabara kwenye P, maana gari hukataa kumpa mtu ufunguo kabla hajaliweka pahali pa kusimama. Na katika baadhi ya magari betri iliyokufa pia huushikilia ufunguo. Na kama usukani ni huru na gia iko mahali pake, hapo ndipo ushukiwe ufunguo wenyewe, kwamba meno yake yamelika, na ujaribiwe ule wa akiba. Lakini ufunguo wa akiba utapatikana wapi, ikiwa gari limekuja na mmoja tu? Na anayekwenda kuchongesha mwingine kwa kuiga ule uliokwisha kulika, amechongesha ubovu ule ule. Wala mafuta ya kupikia au grisi visitiwe tunduni, kwani hunasa vumbi. Unga mkavu wa grafiti ndio ufaao.

Tena yako mazito kuliko hayo. Wako madereva ambao, kwa kubania mafuta, huzima injini wakiteremka mlima, iwe Kitonga au Sekenke. Mtu huyo amejivua msaada wa usukani kwa mkono wake, na breki nazo, baada ya kukanyagwa mara chache, zitakuwa nzito mguuni. Na akiuzungusha ufunguo hadi mwisho na kuuchomoa, ulimi ule ule utachomoza, naye ataikuta kona mbele yake na usukani haumsikii. Na wako wanaotundika katika ufunguo wa gari funguo za nyumba, za duka na za ghala, pamoja na mapambo. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyarudisha magari kwa mamilioni, kwa kuwa swichi zake zilikuwa legevu, na uzito wa funguo au mshtuko wa njia uliweza kuzitoa mahali pake, injini ikazimika mwendoni na mifuko ya hewa isifumuke. Mfuko wa fidia ulioundwa ulikubali madai ya watu 124 waliokufa. Hao walikuwa na vitabu vilivyoandikwa kwa lugha yao, na msiba ukawafika. Seuze sisi tusiokuwa navyo!

Twasema tena, na tutasema kesho: gari limeletwa, maarifa yake hayakuletwa. Mwenye kuliuza gari amepata faida yake, mwenye kulitoza ushuru amepata haki yake, mwenye kubandika stika amepata ada yake. Dereva peke yake ameachiwa Kijapani. Je, ni insafu hiyo?

Basi enyi wenye mamlaka, ulizeni swichi kama mnavyouliza taa! Gari lililovunjwa kufuli la usukani na kuunganishwa nyaya lisipewe stika mpaka litengenezwe, kwa maana mlinzi wake amekwisha kuondolewa. Enyi waagizaji, mpeni mnunuzi funguo mbili na karatasi ya Kiswahili, walau ukurasa mmoja! Enyi walimu wa udereva, mfundisheni mwanafunzi kuufungua usukani kabla hamjamfundisha kuukata! Nawe ndugu dereva, mwenye pupa hadiriki kula tamu: weka nyundo chini, sukuma usukani taratibu, geuza ufunguo kwa vidole, wala usiuguse mlimani mpaka gari lisimame.