Nani Akae Ndani ya Chumba?

Msikilizaji, mfungwa mwenye sonona mara nyingi hasumbui mtu. Hapigani wala hadai kitu. Anajikunyata pembeni mwa seli, chakula anakigusagusa tu, na ukimuuliza atakujibu yuko sawa. Afisa wa zamu ana macho kwa yule anayegonga mlango.

Kwamba kukaa pamoja kwenye kikundi na kuzungumza kunamsaidia mtu kama huyo, hilo silibishi. Mwaka 2002, kule Masaka na Rakai nchini Uganda, wanakijiji wenye sonona walikutana kila wiki kwa wiki 16, wanaume peke yao, wanawake peke yao. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofunzwa wiki mbili. Nafuu waliyoipata ilikuwa kubwa. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa Marekani kwa wafungwa 181 wa Rhode Island na Massachusetts, na sonona ikapungua zaidi kuliko kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida ya gereza.

Ninachouliza ni nani akae ndani ya chumba cha mazungumzo hayo gerezani. Mwanakijiji wa Masaka akishatoa ya moyoni, hurudi kwake. Mfungwa wa gereza la Kamiti au la Shimo la Tewa anarudi selini, na huenda aliyemwona akilia kikaoni asubuhi ndiye atakayelala naye ubavu kwa ubavu. Na afisa aliyesimama mlangoni, eti kwa usalama, ndiye mwandishi wa ripoti ya nidhamu. Mbele yake, nani atatamka kwamba anawaza kujiua? Tusisahau kwamba hapa Kenya, hadi Mahakama Kuu ilipokitupa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu Januari 2025, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la kumfunga mtu hadi miaka miwili.

Dawa ipo kwenye Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Kanuni ya 61 inasema mfungwa akiongea na wakili, afisa anaweza kuwaona lakini asiwasikie. Kikundi nacho kipewe umbali huohuo. Wanaokaa pamoja wasiwe wa seli moja, na kiongozi wao asiwe mtu wa kuwaongezea wala kuwapunguzia adhabu.

Mahabusu ndiye mgumu kumpangia. Leo yupo, kesho yuko kortini, keshokutwa ametoka kwa dhamana. Wiki 16 atazitoa wapi? Huyo aandaliwe vikao vifupi, kila kimoja kikiishia siku hiyohiyo, na vianze wiki anayoingia.