Tusione Haya Kuitaja Chupi



Nimeombwa niseme machache juu ya afya ya mwanafunzi. Wenzangu wamekwisha kusema juu ya malaria na maji ya kunywa. Mimi nitasema juu ya chupi. Chekeni kwanza, nitangoja.

Mwaka 1986 nilikuwa kidato cha tatu. Chupi yangu ilikuwa moja tu, ya nailoni, ya "kafa Ulaya", tena ndogo kuliko kiuno changu. Jumamosi moja tulipanda Uluguru mpaka Morningside. Kurudi mjini, jasho na msuguano vilikuwa vimenichubua mapajani. Usiku niliifua, nikaificha chini ya godoro wenzangu wasiione. Asubuhi nikaivaa mbichi. Baada ya siku chache nikawa na vidonda, muwasho na mitoki.

Hapo ndipo lilipoanza kosa kubwa. Nilidhani nimepata ugonjwa wa zinaa, ingawa sikuwa nimemjua mwanamke. Nikanyamaza. Wiki mbili nilitembea kama bata, hata homa ikaniangusha nikakosa mtihani wa muhula. Mganga wa zahanati alinitazama, akauliza kwa upole, "Kijana, chupi unazo ngapi?" Nililia kwa aibu na furaha pamoja.

Basi vijana, sikilizeni. Kwanza, pimeni kiuno kwa futi ya fundi, msikisie. Vidole viwili vipite chini ya lastiki, na jioni isiache alama mwilini.

Pili, chuchumaeni, kisha inueni goti kama mtu apandaye Lupanga. Ikikata kwenye kinena, hiyo si yako. Ambaye mapaja yake husuguana achague boksa yenye miguu mirefu.

Tatu, joto la Morogoro linataka pamba, kwani hunyonya jasho na kupitisha hewa. Lakini pamba ikilowa hukawia kukauka. Apandaye mlima achukue ya kubadili.

Tena, korodani ziko nje ya tumbo kwa sababu kazi yake huhitaji ubaridi kidogo kuliko mwili. Mwaka 2018 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanaume 656: waliozoea boksa za kulegea walikuwa na msongamano wa mbegu katika shahawa uliozidi wa wenzao kwa asilimia 25. Si kwamba chupi ya kubana huleta utasa, ila kubanwa hakuna faida.

Nne, msinunue za mitumba. Shirika la Viwango Tanzania lilitangaza marufuku ya nguo za ndani zilizokwisha valiwa mwaka 2009. Mbili mpya za bei nafuu ni bora kuliko sita za mtu usiyemjua. Msiazimane. Na zianikeni kambani, juani, mbele za watu. Wakati wa masika zipigeni pasi mpaka zikauke.

Wazee wenzangu, tunapowanunulia watoto madaftari na viatu, tuongeze chupi tatu mpya zilizopimwa. Na mtoto akilalamika muwasho, tumwulize kwa upole kama nilivyoulizwa mimi, kisha tumpeleke zahanati mapema. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mimi nilificha, nikakosa mtihani, ninyi msifiche.