Dereva wa Kwanza Kufika
Hotuba kwa madereva wa matatu, malori na bodaboda, Kaunti ya Nakuru



Ajali inapotokea barabarani kati ya Salgaa na Mau Summit, anayefika kwanza mara nyingi si polisi wala ambulensi, bali ni dereva mwingine. Dakika chache zinazofuata zimo mikononi mwake.

Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu walikusanyika kuchota petroli, kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walifariki. Waliouawa na moto huo wengi hawakuwa ndani ya lori. Walifika baada ya ajali. Ndiyo maana mafunzo ya dharura huanza na usalama wa eneo, kabla ya bandeji.

Dereva aliyefunzwa huegesha gari lake mbali kidogo, huwasha taa za tahadhari, na kuweka pembetatu angalau mita 50 kutoka kwenye ajali, pande zote mbili. Kwenye kona au mteremko huziweka mbali zaidi. Akikosa pembetatu hutumia matawi, lakini huyaondoa baadaye, maana tawi lililosahaulika usiku huleta ajali nyingine. Akisikia harufu ya mafuta, huzuia sigara na kuwarudisha watu nyuma, hata wakimzomea.

Kisha hupiga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Husema mahali penyewe, aina ya magari, idadi ya majeruhi, na kama kuna moto au mtu aliyenaswa.

Ndipo huwageukia majeruhi. Anayepiga kelele anapumua. Aliyenyamaza huangaliwa kwanza. Damu inayotoka kwa wingi huzuiwa kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi, bila kukiinua kila mara kuchungulia. Aliyezimia lakini anapumua hulazwa ubavu, kichwa na mgongo vikiwa vimenyooka. Majeruhi hapewi maji wala chakula. Havutwi kutoka garini ila pakiwa na hatari kama moto, kwani kumrusha nyuma ya pikapu kunaweza kumvunja uti wa mgongo mtu ambaye angetembea tena.

Wapo madereva wanaopita kwa kuhofia kuulizwa maswali au gharama za hospitali. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema wazi kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Naye dereva aliyehusika katika ajali hana hiari: sheria ya trafiki inamtaka asimame.

Haya yote hayajifunzwi kwa kusikiliza hotuba mara moja. Mikono husahau. Wenye magari na vyama vya matatu wawape madereva siku ya mazoezi, pamoja na makondakta, na wayarudie kila mwaka. Kisanduku cha huduma ya kwanza kikaguliwe kama matairi yanavyokaguliwa; kisanduku kitupu hakimsaidii mtu.

Abiria naye ana haki ya kuuliza kabla ya kupanda: dereva huyu amefunzwa? Na mkazi wa kando ya barabara, akiona lori la mafuta limelala, aache mtungi nyumbani na awazuie watoto wasisogee.