Kabla ya Kununua Kioo cha Hezi 144

Malipo ya minada ya korosho yakishaanza kuwafikia wakulima, maduka ya Mtwara mjini hubadilika sura. Mabati husogezwa mbele, pikipiki hupangwa hadi kando ya barabara, na siku hizi, baina ya magodoro na redio, kuna bidhaa ambayo wazee wetu huipita bila hata kuitupia jicho. Ni vioo vyembamba vya kompyuta, na juu ya boksi pameandikwa kwa herufi kubwa: 144 Hz, 165 Hz, 240 Hz. Muuzaji atakwambia kwamba hivyo ndivyo vioo vya gemu, na kwamba anayecheza kwa kioo cha kawaida anajipotezea muda.

Nimeletewa swali na kijana mmoja wa Msimbati. Baba yake amekubali kumpa sehemu ya fedha za msimu ili afungue kibanda cha gemu, chenye PS4 mbili, na yeye mwenyewe ana nia ya kwenda kwenye mashindano Dar es Salaam. Ameonyeshwa kioo cha hezi 144, nacho bei yake inakaribia ile ya PS4 aliyopatana kwa mtu. Anauliza, anunue au aache?

Najua wapo watakaosema redio imekosa la kuzungumza. Lakini fedha ya korosho ni fedha ya kupalilia, ya kupuliza salfa mikorosho isishikwe na ubwiriunga, na ya kuokota kwa mgongo uliopinda. Ikitumika kununua namba iliyoandikwa kwenye boksi, hiyo ni habari ya kutosha kwangu.

Tuanze na hiyo hezi. Ni hesabu ya mara ngapi kitu kinajirudia katika sekunde moja, na imepewa jina la Heinrich Hertz, mwanasayansi wa Ujerumani. Umeme wa ukutani kwetu ni wa hezi 50. Kwa upande wa kioo, hezi 60 maana yake ni kwamba picha inabadilishwa mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha inakaa milisekunde 16.7, yaani sehemu 16.7 za elfu moja ya sekunde. Kioo cha 144 kinabadilisha kila baada ya milisekunde 6.9. Cha 240 ni milisekunde 4.2. Angalia hapo: kutoka 60 kwenda 144 umepunguza milisekunde kama 10, lakini kutoka 144 kwenda 240 umepunguza pungufu ya 3, ilhali bei inaweza kupanda maradufu. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo unavyolipa zaidi kwa kidogo zaidi.

Lakini kioo hakitengenezi picha. Kinaonyesha ilizoletewa. Na PS4, hata ile iitwayo Pro, haipeleki kwenye runinga zaidi ya picha 60 kwa sekunde. Ukiifunga kwenye kioo cha 144, au cha 240, bado ni picha 60. Ni sawa na mtu anayekodi pikipiki ya kasi kumwahisha kivukoni ili avuke kwenda Msangamkuu. Atafika mapema, kweli, lakini kivuko kinang'oa nanga kwa wakati wake, na yule aliyetembea kwa miguu watapanda pamoja.

Ni PS5, iliyotoka Novemba 2020, ndiyo inayoweza kupeleka picha 120, na hapo pia ni kwa gemu zilizotengenezwa hivyo tu. Tekken, ile gemu ya kupigana inayopendwa mno vibandani, ya saba na hata ya nane iliyotoka 2024, inakwenda kwa picha 60, basi. Kila kitu ndani yake kimepimwa kwa hesabu hiyo. Ngumi ya haraka ya wachezaji wengi huchukua picha 10 kutoka kubonyeza hadi kugusa, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya XiT Gaming ya Marekani, alijipatia jina lake kwa gemu hiyo ya picha 60. Arslan Ash wa Pakistani vilevile. Mwaka 2019 alitwaa ubingwa wa Tekken katika mashindano ya Evo ya Japani, kisha akautwaa tena katika Evo ya Las Vegas, naye ni mtu aliyekulia kwenye maduka ya gemu ya Lahore, akipambana bega kwa bega na vijana wa mtaa wake.

Basi je, vioo vyote ni sawa? La hasha, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo.

Kuna jambo lisiloandikwa kwenye boksi, nalo ni ucheleweshaji. Runinga ya kisasa ikipokea picha haiionyeshi papo hapo. Kwanza inaisafisha, inaitia rangi, inaipunguza chenga, na nyingine hubuni picha za katikati ili mpira uonekane unateleza vizuri. Kazi yote hiyo ina muda wake, na katika runinga nyingi inaweza kufika milisekunde 50, pengine 100 na ushei. Umebonyeza pasi, na mchezaji wako amegutuka sehemu ya kumi ya sekunde baadaye. Linganisha na zile milisekunde 10 ambazo muuzaji anataka uzilipie fedha nyingi! Na ile runinga iliyoandikwa Motion Rate 120 mara nyingi ni ya hezi 60 inayobuni hizo picha za katikati. Kwa mcheza gemu hilo si jambo la kulipia, ni jambo la kuzimwa.

Kulizima ni bure. Runinga nyingi za siku hizi zina sehemu kwenye mipangilio iliyoandikwa Game Mode. Ukiiwasha, runinga inaacha kuremba picha na inaipitisha moja kwa moja, na ucheleweshaji unaweza kushuka hadi milisekunde 10 au 20. Nimeona vibanda ambavyo sehemu hiyo haijaguswa tangu runinga itolewe kwenye boksi.

Kwa nini halalamiki mtu? Kwa sababu kibandani wawili wanacheza kwenye kioo kimoja, na kuchelewa kunawapata wote sawasawa. Tena mkono wa binadamu ni mwanafunzi hodari. Baada ya miezi unazoea kubonyeza mapema kidogo, bila kujua. Adha yake inajitokeza siku unapokwenda ugenini ukakuta kioo kisichochelewesha. Kila unachofanya kinatoka kabla ya wakati wake, mkwaju unapaa, kinga inawahi kushuka, nawe unadhani umerogwa.

Kupima hakuhitaji fundi. Simu nyingi zinapiga video ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde. Isimamishe simu mahali inapoona dole gumba lako juu ya pedi pamoja na kioo. Bonyeza. Kisha irudie ile video picha moja baada ya nyingine, uhesabu ngapi zimepita tangu dole lilipozama hadi kioo kilipobadilika. Kila moja ni milisekunde 4 hivi. Fanya hivyo mara kadhaa kwenye runinga moja, halafu uhamishe mashine ileile, pedi ileile na gemu ileile kwenye kioo cha pili. Tofauti utakayoipata ni ya vioo. Muuzaji akikukatalia kupima dukani, nenda duka la pili.

Sasa tumtendee haki mwenye kompyuta. Kwa anayecheza Counter-Strike 2 au Valorant, gemu za kulenga shabaha, kioo cha 144 si pambo. Adui anakatiza mlangoni kwa kufumba na kufumbua, na jicho linaloona picha 144 linamfuata kwa urahisi kuliko linaloona 60. Ila kompyuta yenyewe iwe na kadi ya grafiki ya kuzitoa hizo picha. Tena wapo walionunua kioo cha 144 wakakitumia mwaka mzima kwa 60, kwa kuwa mipangilio ya Windows ilibaki pale ilipokuwa, au waya wa HDMI ni wa zamani. Baada ya kufunga, ingia kwenye mipangilio uhakikishe.

Na gemu hizo huchezwa kwa intaneti. Kutoka Mtwara hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya za kioo huenda kilomita kama 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 70 hata nyaya zingenyooka kama rula, nazo hazijanyooka, zinazunguka baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ilijua zinapita wapi! Kioo hakiwezi kukurudishia muda uliopotelea njiani.

Kuna mengine ya pwani yetu. Kioo cha kompyuta cha inchi 24 hula umeme mdogo, wati 20 hadi 30 hivi, na hilo ni jema kwa anayetegemea betri na sola. Lakini vingi havina spika wala havinasi chaneli, kwa hiyo jioni ya mechi ya Simba na Yanga kibanda kitakuwa gizani. Chumvi ya bahari inakula matundu ya HDMI, yafunike usiku. Umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika unaua vitu, na stabilaiza ni rahisi kuliko kioo chochote nilichokitaja leo.

Kwa hiyo kijana wangu wa Msimbati, kwa PS4 zako, nunua runinga mbili za kawaida za hezi 60, zenye hiyo sehemu ya gemu, ulizozipima mwenyewe kwa simu. Ukija kununua PS5, hapo uulize kama kioo kinapokea 120 kwa waya wa HDMI, maana vingine hupokea namba hiyo kwa tundu jingine ambalo PS5 haina. Fedha inayobaki iende kwenye stabilaiza na pedi za akiba, kwa kuwa vijiti vya pedi huchakaa na kuanza kwenda vyenyewe.

Na hizo runinga mbili ziwe za aina moja, zimewekwa mipangilio ileile. Siku utakapoandaa mashindano, meza hii ikiwa na kioo chepesi na ile ikiwa na kizito, atakayetoka meza moja kwenda nyingine akafungwa atasingizia kioo, naye atakuwa na haki ya kudai mechi irudiwe.