KAMERA INAYOONA CHINI YA WINO

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alituletea karatasi yake ya ovataimu aliyorudishiwa na ofisi. Mahali pa saa zake palikuwa pamefutwa kwa biro ya buluu, na kando yake imeandikwa 16. Yeye alishikilia kwamba ni 26, na kwamba karani wa zamu aliziandika kwa penseli. Karani huyo amekwisha acha kazi. Ofisi ikasema alikosea, akajisahihisha. Saa kumi za jasho la mtu, nasi hatukuwa na la kujibu.

Ndipo tukaazima kamera ndogo ya kushika mkononi, inayopiga picha kwa infraredi ya karibu, yaani mwanga ulio nje kidogo ya wekundu, tangu nanomita 700 hivi mpaka 1,000. Macho hayauoni. Kamera za kawaida za siku hizi zingeuona, ila zimewekewa chujio la kuuzuia. Katika hii chujio hilo limeondolewa, likatiwa jingine la kuzuia mwanga tunaouona. Si ile kamera ya kupimia joto la mashine, wengi huzichanganya.

Wino wa biro ya buluu kwa kawaida hupitisha mwanga huo. Penseli huumeza, kwa hiyo hubaki nyeusi. Mara ya kwanza hatukuona kitu, kwani tuliwasha taa nyeupe ya LED, ambayo karibu haina mwanga huo kabisa. Tukatoka nje juani. Buluu ikafifia kama moshi, na 26 ikaonekana chini yake.

Lakini tusijidanganye. Wino mweusi wenye masizi ndani yake hauonyeshi kilicho chini. Picha nayo haisemi nani alifuta, wala kwa nini; na mbele ya mahakama atatakiwa mtaalamu, si sisi. Fotokopi ndiyo haifai hata kidogo, maana penseli na biro zote hutoka kwa weusi mmoja. Basi karatasi yenyewe usiitoe mkononi. Ukidaiwa, toa nakala.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za wafanyakazi wake. Tumeandika barua kutaka daftari la zamu lifunguliwe mbele ya wakili wetu. Jibu halijaja.